Kupiga hema Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa: ndani ya hifadhi au nje yake?

BabaTunu ameuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa wale waliowahi kulala kwenye hema upande wa Mang'ula, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Mimi na mke wangu, watoto wetu wawili (mmoja ana miaka minane na mwingine kumi na mitatu) pamoja na mama yangu mzazi tunaishi Dodoma, na tumekusudia kuitumia likizo ya shule ya mwezi wa sita kukaa siku nne au tano mahali palipo kimya, penye mlima na msitu, badala ya kwenda pwani kama tulivyozoea. Gari hatuna. Tunafikiria kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, kisha basi linalokwenda Ifakara, tushukie Mang'ula.

Nina mambo matatu yanayonitatiza. Kwanza, sijui kama ni bora kupiga hema katika kambi za hifadhi yenyewe ya Udzungwa au katika maeneo ya watu binafsi yaliyoko nje ya lango, ambayo nimeambiwa yana bei nafuu. Pili, watoto wanataka pia kuona simba na twiga, na kwa kuwa Mikumi haiko mbali, nilikuwa nikiwaza kuamka mapema siku moja tukiwa Mang'ula, twende Mikumi na kurudi jioni. Tatu, mama yangu ana umri wa miaka sitini na saba na magoti yanamsumbua, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba hataachwa nyumbani. Je, kuna chochote atakachokifurahia, au tutakuwa tunamtesa?

MwanaWaMangula amejibu:

Karibuni sana nyumbani, BabaTunu. Mimi nimezaliwa na kukulia Mang'ula, na nilipokuwa kijana nilibeba mizigo ya wageni waliokuwa wakipanda mlimani kabla sijahamia Dar es Salaam kikazi, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo.

Udzungwa si hifadhi ya kuzunguka kwa gari. Ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 1,990, haikuchongewa njia za magari ya watalii kama hifadhi nyingine, na mpaka leo anayetaka kuiona huiona kwa miguu yake. Utulivu mnaoutafuta unatokana na hilo. Alfajiri hutasikia injini zikiwashwa wala redio za madereva wakiulizana simba yuko wapi. Utasikia hondohondo wakipita juu ya miti kwa kishindo cha mbawa, kisha mbega wakianza kuitana, kisha kijito. Kwa sababu hiyo nawashauri mlale ndani. Kambi za hifadhi ziko karibu na makao makuu pale Mang'ula, ndani ya msitu, umbali mfupi kutoka langoni, na hata mama mwenye magoti mabovu atafika bila shida mkimpa muda wake.

Msidanganywe na neno mlima. Vilele vya Udzungwa vinapita mita 2,500 kule juu Luhombero, lakini Mang'ula iko chini kabisa, kwenye mguu wa mlima, mita mia tatu hivi kutoka usawa wa bahari. Mtu anayekuja amejaza mablanketi kama anayekwenda Lushoto au Makete hujikuta akilala juu yake badala ya kujifunika. Mwezi wa sita usiku huwa na ubaridi mwepesi, shuka nzito na sweta vinatosha, ila mbu wapo na malaria ipo, kwa hiyo hakikisheni nyavu za madirisha ya hema hazijatoboka, na watakaokaa nje jioni wavae mikono mirefu. Mvua kubwa za masika zitakuwa zimepita, njia zitakuwa zimekauka, ingawa msitu ule wa upande wa mashariki hupata mvua nyingi kiasi kwamba mtu hapaswi kushangaa akinyeshewa mwezi wowote.

Kuhusu njia za kutembea, maporomoko ya Sanje ndiyo yanayowavuta watu wengi. Yanashuka kwa ngazi tatu zenye jumla ya mita 170, na njia yake huanzia kijiji cha Sanje, kaskazini mwa Mang'ula mkielekea Kidatu, kwa hiyo mtahitaji bajaji au gari la kukodi kufika mwanzo wa njia. Mzunguko wote huchukua nusu siku kwa mwendo wa familia. Kule juu kuna bwawa la maji baridi ambapo watu huoga, na ukikaa pembeni ya mwamba unaliona bonde zima la Kilombero limelala chini yako, mashamba ya miwa yamepangwa kama mkeka uliosukwa kwa kijani cha aina mbili, na reli ya TAZARA ikikatiza katikati. Mtoto wa miaka minane anaimudu njia hiyo akipewa mapumziko. Mama asiijaribu, kwa maana kupanda si tatizo kubwa kwa magoti kama kushuka, na kushuka Sanje ni ngazi na mizizi mwanzo hadi mwisho. Kwake yeye kuna njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard karibu na makao makuu, ambayo ni ya kutembea polepole na fimbo mkononi.

Mtapewa mwongozaji, na kwa njia ndefu mtafuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa kuwa tembo na nyati wamo msituni. Msione ni usumbufu. Mwongozaji mzuri ndiye atakayewaonyesha mbega wekundu, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii na misitu ya bonde la Kilombero lililo chini yake, na mkibahatika atawaonyesha kima wa Sanje wenye kishungi, ambao wataalamu waliwatambua mwaka 1979 tu ilhali wazee wetu walikuwa wakigombana nao mashambani tangu zamani.

Mwisho ni suala la kuni. Wageni wengi hufika wakitaka moto mkubwa wa kambi kama wanaouona kwenye picha. Zamani wanavijiji wa pembezoni waliruhusiwa kuingia siku maalumu ya wiki kuokota kuni kavu, na mama yangu alikuwa mmojawapo. Ruhusa hiyo ilisitishwa mwaka 2011. Kwa hiyo mgeni anayeokota matawi msituni kwa ajili ya kuota moto anafanya jambo ambalo jirani wa hifadhi amekatazwa kulifanya hata kwa ajili ya ugali wa watoto wake. Njooni na mtungi mdogo wa gesi.

SautiYaKorongo amejibu:

Nakubaliana na MwanaWaMangula, na ninaongeza yaliyonipata. Miaka miwili iliyopita nilichagua eneo la mtu binafsi nje ya lango kwa sababu ya bei, ambalo sitalitaja jina. Mwenyeji alikuwa mkarimu, choo kilikuwa safi, na maji yalikuwepo saa zote. Hata hivyo, hakuna aliyenieleza kwamba nyuma ya ua kulikuwa na baa, na kwamba siku niliyofika ilikuwa Ijumaa. Spika ziliwashwa saa mbili usiku na kuzimwa baada ya saa nane. Nilikuwa nimesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kusikiliza msitu, nikasikiliza singeli.

Sisemi kwamba maeneo yote ya nje yako hivyo, kwani mengine yako mbali na kituo cha mabasi na ni tulivu kweli. Ninachosema ni kwamba ukipiga simu kuuliza bei, uliza pia kuna nini upande wa pili wa ukuta, na uliza siku za mwisho wa wiki panakuwaje. Jambo jingine ambalo hutalisoma popote: mwezi wa sita ndipo uvunaji wa miwa unapoanza, na miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa. Upepo ukielekea kwenu, masizi meusi mepesi kama manyoya yataanguka juu ya hema na juu ya nguo mlizoanika. Hayadhuru hema, ila usianike shuka nyeupe. Ndani ya msitu hayafiki sana.

DerevaWaMkata amejibu:

Mimi niko katika shughuli za kuwatembeza wageni Mikumi, kwa hiyo nitajibu swali la pili tu.

Ndugu BabaTunu, mpango wa kwenda Mikumi na kurudi Mang'ula siku hiyo hiyo, bila gari lako, ukiwa na watoto na mama, mimi ninaupinga. Kutoka Mang'ula hadi mji wa Mikumi ni takriban kilomita sitini, na lami ya siku hizi imeirahisisha safari hiyo, lakini hujafika hifadhini, umefika mjini. Bado unahitaji gari la kukodi la kuingilia, bado kuna malipo ya kiingilio ambayo hayapokelewi kwa fedha taslimu langoni bali kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali, na wakati mkikamilisha hayo yote jua limeshapanda na simba ameshalala kivulini. Wanyama wa uwanda wa Mkata huonekana vizuri kuanzia saa kumi na mbili asubuhi lango linapofunguliwa hadi saa tatu au nne, kisha tena jioni. Mtu anayetoka Mang'ula kwa basi huingia saa tano, anaona swala na pundamilia, halafu anasema Mikumi hakuna kitu.

Fanyeni hivi. Mtakapotoka Dodoma, shukeni SGR Morogoro, pandeni basi mpaka mji wa Mikumi, mlale hapo usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni ya kawaida. Njiani mtakuwa mmeshaikatiza hifadhi, kwa kuwa barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati yake kwa umbali wa kilomita hamsini hivi, na watoto wakikaa upande wa dirishani wataona twiga na nyumbu, pengine tembo, kabla hamjalipa hata senti moja. Mkubaliane na mwenye gari jioni hiyo hiyo, bei na saa ya kuondoka, ili asubuhi muwe langoni mapema. Hifadhi ina kilomita za mraba 3,230 na ilianzishwa mwaka 1964, lakini kwa asubuhi moja mwambieni dereva abaki upande wa Mkata na bwawa la viboko. Saa tano mnatoka, mnakula, na mchana mnapanda gari la kwenda Mang'ula. Mama atakuwa ameona wanyama akiwa amekaa kwenye kiti, naye hatakuwa ametumia magoti yake kwa lolote.

Kwa nini Mikumi ianze na isiwe mwisho? Kwa sababu mji wa Mikumi ni mji wa malori, yanapita usiku kucha na yanapiga honi. Ukitoka huko kwenda kwenye kimya utakithamini hicho kimya; ukitoka kwenye kimya kuja kulala kando ya malori utakosa usingizi na utamlaumu dereva. Na msivae nguo za bluu iliyokolea wala nyeusi ndani ya gari, kwa kuwa mbung'o wanazipenda rangi hizo kuliko nyingine.

MamaWawili amejibu:

Nimelala Mang'ula na watoto wangu mara mbili, mara zote kwenye kambi ya hifadhi, na kwa kuwa wenzangu wameshamaliza habari za njia, mimi nitazungumzia hema lenyewe.

Usiku wetu wa kwanza, mwanangu mdogo aliingia kulala na kipande cha andazi mkononi bila mimi kujua. Yapata saa tisa usiku nilishtushwa na kitu kama sindano kwenye kisigino, kisha kingine shingoni. Nikawasha tochi, nikaona mstari mweusi unaotembea, umeingia kupitia tundu la zipu ambalo halikufungwa sentimita mbili za mwisho, umepita juu ya godoro, umezunguka mto wa mtoto na kuishia kwenye andazi. Siafu. Tulitoka nje sote tukiwa tunavuana nguo gizani, na askari wa zamu alikuja na ndoo ya majivu, akayamwaga kuuzunguka mlango, akatuambia tusiwapige bali tuwangoje wapite. Walipita kwa muda wa dakika arobaini. Tangu siku hiyo, chakula chochote, hata pipi, hakilali ndani ya hema langu. Tunakiweka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na ndoo inakaa mbali na hema kwa sababu mchana nyani nao wanaitafuta. Nyani hawaogopi wanawake na watoto, hilo nalisema bila utani. Mtu mzima mmoja abaki kambini wakati wote chakula kikiwa nje.

Jambo la pili ni perere. Hakuna aliyelitaja, na mimi ningelitaja mapema kuliko yote kwa familia yenye mtoto wa miaka minane. Perere ni mnyama mdogo anayefanana na pimbi, anaishi juu ya miti, na usiku hulia kwa sauti inayoanza kama mlango mkavu unaofunguliwa, ikapanda hatua kwa hatua mpaka ikawa kama mtu anayekabwa. Ukimya wa Udzungwa una sauti hiyo ndani yake. Usipomwandaa mtoto, hatalala, na mama naye anaweza kuanza kusoma dua. Mwambieni mwongozaji mchana awaeleze, na ikiwezekana awaigie.

Kuhusu mama yako, mimi nilikwenda na shangazi yangu ambaye naye hatembei vizuri. Tulimbebea kiti cha kukunja chenye mgongo na godoro la sponji la nchi nne, kwa sababu tatizo la wazee kwenye hema haliko mlimani, liko katika kuinuka kutoka chini alfajiri. Chukueni hema refu ambalo mtu anaweza kusimama ndani yake, na mumweke yeye karibu na mlango. Shangazi alishinda chini ya mti siku nzima akitazama mbega wanavyoruka na watoto wao tumboni, na jioni tuliporudi kutoka Sanje tumechoka, yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kusimulia.

Kwa upande wa mapishi, gesi, sufuria mbili na kisu vinatosha, na mboga mtanunua sokoni Mang'ula. Na mkipika kuku, watoto wako watapenda kisa hiki cha kweli: mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa wamepiga kambi katika misitu ya Udzungwa waligundua kwamba miguu ya ndege iliyokuwa ndani ya chungu chao cha mchuzi haikuwa ya ndege wanayemfahamu. Ilikuwa ya kwale ambaye sayansi ilikuwa haijawahi kumwandika, na leo anajulikana kama kwale wa Udzungwa. Walikuwa wameanza kumla kabla ya kumtambua.

BabaTunu amejibu:

Nawashukuru nyote kwa moyo wa dhati. Nimewasomea wa nyumbani majibu haya usiku wa jana, na tumekubaliana kulala usiku mmoja Mikumi mjini kama alivyoelekeza DerevaWaMkata, kisha usiku nne kambini Mang'ula, ndani ya hifadhi. Mama amesikia habari ya kiti cha kukunja na sasa anauliza kila siku kama kimeshanunuliwa. Habari ya kwale imewachekesha watoto, ila ya siafu imemfanya mdogo atangaze kwamba yeye atalala amevaa viatu.

Nina swali moja lililobaki kwa MwanaWaMangula. Umetaja tembo. Je, huwa wanafika mpaka kambini, na kama wanafika, tufanye nini tukiwa na mtu asiyeweza kukimbia?

MwanaWaMangula amejibu:

Swali zuri, na nafurahi umeuliza kabla ya kufika. Tembo wa Udzungwa hushuka usiku kuelekea mashambani kutafuta mahindi, mpunga na ndizi, na ndiyo maana katika baadhi ya vijiji vya pembezoni utaona mashamba yaliyozungushiwa waya wenye mizinga ya nyuki. Tembo akiugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuka, kwa sababu tembo anaogopa nyuki kuliko anavyokuogopa wewe na debe lako. Kambini kuna wakati wanapita karibu. Tembo aliyeachwa apite hana shida na hema, bali hufuata harufu, hasa ya ndizi, maembe na chumvi, kwa hiyo kanuni ya ndoo aliyoitoa MamaWawili inahusu tembo kama inavyohusu siafu.

Asiyeweza kukimbia hatakiwi kukimbia, na hata anayeweza asikimbie. Mkisikia matawi yanavunjika usiku, zimeni tochi, kaeni ndani, msizungumze, na mwacheni askari wa zamu afanye kazi yake. Siku mnayofika, kabla hamjachomeka hata kigingi kimoja, mwambieni askari kwamba mna mzee asiyetembea haraka na mtoto mdogo, naye atawachagulia sehemu ya kuweka hema ambayo haiko kwenye mapito ya wanyama na iko karibu na choo, maana safari ndefu ya chooni usiku wa manane ndiyo hatari halisi kwa mama kuliko tembo. Mchukulieni pia tochi ya kuvaa kichwani ili mikono yake yote miwili ibaki huru kushika fimbo na kushikwa na mtu. Na huyo mdogo, viatu avivue, ila avipindue na kuvikung'uta asubuhi kabla ya kuvivaa.